UZI: Good Bye, Lenin! Wanaosema inaililia Ujerumani Mashariki wameitazama kwa jicho moja

Mpanda Reli (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa filamu za nje za kutazama na familia kuna mdau aliitaja Good Bye, Lenin! Nikaona wengine wanaimaliza kwa mstari mmoja tu: eti ni filamu ya Wajerumani wanaoulilia ukomunisti wao. Nikasema hapana, hii haiwezi kupita hivihivi. Lawama hiyo si mpya, hata Ujerumani kwenyewe waliizungusha sana ilipotoka mwaka 2003. Nitaeleza kisa chote mpaka mwisho, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu apite kushoto.

Tuko Berlin Mashariki, Oktoba 7, 1989. Nchi inatimiza miaka 40, majeshi yanapita barabarani, wakubwa wako jukwaani wanapunga mikono. Jioni yake vijana wanaandamana. Mama mmoja, Christiane Kerner, yuko njiani kwenda kwenye sherehe ya wakubwa, kavaa vizuri, ghafla anamuona mwanawe Alex anakamatwa na polisi. Moyo unagoma palepale. Anaanguka, na anakaa katika koma miezi minane.

Sasa hesabu yaliyotokea akiwa amelala. Honecker, mkuu wa nchi, kaondolewa. Novemba 9 ukuta umefunguliwa. Machi watu wamepiga kura huru. Binti yake, Ariane, kaacha chuo anauza baga Burger King, na kampata mchumba wa kutoka Magharibi ambaye kashahamia nyumbani. Mama anazinduka Juni 1990 na daktari anawaambia watoto kwamba mshtuko mwingine wowote utamuua. Na huyu mama ni mtu wa ujamaa kweli kweli, anafundisha watoto nyimbo, anawaandikia majirani barua za malalamiko kwa wakubwa kuhusu nguo zisizowaenea wanawake wanene. Ukimwambia nchi yake inazikwa, umemzika naye. Alex anaamua kwamba ndani ya fleti yao ya mita za mraba 79, Ujerumani Mashariki itaendelea kuwapo.

Hapo vichekesho vinaanza, na muongozaji Wolfgang Becker hana haraka navyo. Mama anatamani matango ya siki ya Spreewald. Dukani hayapo tena, rafu zimejaa matango ya Uholanzi. Basi kijana mzima anapekua mapipa ya taka akitafuta chupa tupu zenye lebo ya zamani. Anazibeba nyumbani, anazichemsha, anahamishia humo matango ya Uholanzi. Kahawa vilevile, paketi kuukuu ya Mocca Fix inajazwa kahawa ya kigeni. Watoto wa zamani wa halaiki wanalipwa pesa mkononi waje kuimba siku ya kuzaliwa ya mama. Mtazame Alex usoni anapofanya kazi hizi. Hana sura ya mtu aliyebebeshwa mzigo, anaonja raha ya fundi. Mimi hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba mgonjwa wa nyumba ile si mmoja.

Halafu anaingia Denis. Huyu ni kijana wa Magharibi, wanazungusha naye kazi ya kufunga madishi, na ndoto yake ni kutengeneza filamu. Siku moja mama anaona kupitia dirishani bango kubwa la Coca-Cola likiteremshwa kwenye ghorofa la mbele. Utamwambia nini? Denis anavaa suti, anakaa mezani, wanarekodi taarifa ya habari bandia ya Aktuelle Kamera, kanda inawekwa kwenye deki iliyofichwa chumba cha pili. Habari yenyewe: imethibitika kwamba Coca-Cola ni uvumbuzi wa kijamaa wa tangu miaka ya 50. Mama anashangaa kidogo, lakini televisheni ya taifa imesema. Baadaye akatoka nje peke yake na kuona magari na watu wa Magharibi wamejaa mtaani, taarifa mpya ikatoka kwamba hao ni wakimbizi, wamechoshwa na ubepari, Honecker kawafungulia mlango kwa huruma zake. Kila ukweli unapopenya, uongo inabidi uongezwe ghorofa.

Sasa tuje kwa wahakiki, maana ndiko ugomvi uliko.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Februari 2003 kwenye tamasha la Berlin, ikaondoka na tuzo ya filamu bora ya Ulaya ya tamasha hilo. Ujerumani peke yake watazamaji zaidi ya milioni 6 walikata tiketi. Wabunge wa Bundestag walialikwa kuitazama pamoja pale Kino International, ukumbi wa sinema uliojengwa na serikali hiyohiyo ya Mashariki kwenye barabara ya Karl-Marx-Allee. Mwisho wa mwaka Chuo cha Filamu cha Ulaya kikaipa tuzo ya filamu bora, Daniel Brühl akachukua ya mwigizaji na Bernd Lichtenberg ya uandishi. Mwaka 2004 Wafaransa wakaongeza César, Wahispania Goya. Ujerumani iliipeleka Oscar lakini haikuingia hata kwenye orodha ya wateule, na mpaka leo naona kamati ile ilisinzia.

Wahakiki wengi waliipenda. Wachache walinuna, na mnuno wao una jina: Ostalgie, yaani hamu ya maisha ya zamani ya Mashariki. Walisema Becker katoka Westfalia na Lichtenberg naye ni mtu wa Magharibi, wamekwenda kuchekesha watu kwa chupa za matango wakati nchi ile ilikuwa na wapelelezi kila kona. Kiangazi hichohicho vituo vya televisheni vikaharibu mambo zaidi kwa kuanzisha vipindi vya kukumbuka Mashariki, RTL wakamuweka hadi Katarina Witt, yule bingwa wa kuteleza kwenye barafu, kuwa mtangazaji. Mashati ya bluu ya vijana wa chama, nyimbo, magari ya Trabant. Filamu ikabebeshwa dhambi za vipindi ambavyo haikuvitengeneza.

Hoja yangu ni hii. Nchi anayoijenga Alex chumbani kwa mama haijawahi kuwapo. Alex mwenyewe anakiri hilo, kwamba taratibu ikawa ile nchi ambayo labda yeye angependa kuishi. Taarifa ya mwisho ya Denis, Honecker anajiuzulu, anayemrithi ni Sigmund Jähn, mwanaanga, na jambo la kwanza analofanya ni kufungua mipaka. Hiyo ni hukumu kwa nchi halisi, maana nchi halisi haikumpa mtu kama huyo ukuu na mipaka haikufungua kwa hiari. Mtu anayetaka kuusifia utawala wa Honecker hawezi kuandika mwisho kama huo.

Na tena, mama ndiye aliyetangulia kudanganya. Wakiwa kwenye kibanda chao cha shamba anawaambia watoto kwamba baba yao hakukimbilia Magharibi kwa ajili ya mwanamke, kama walivyoamini maisha yao yote. Walipanga waondoke wote. Yeye ndiye aliyeogopa kuomba kibali cha kuondoka, akihofia serikali itamnyang'anya watoto, akabaki. Barua za baba alizificha nyuma ya kabati la jikoni miaka yote. Ule ujamaa wake wa kupindukia ulianza baada ya hapo. Hofu ya serikali imo humo jikoni, imekaa nyuma ya sahani, ndiyo maana wahakiki wale hawakuiona.

Karibuni tubishane.

Fundi Dishi

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka kipengele changu 😀 Ile kampuni wanayofanyia Alex na Denis inapiga hela kwa sababu ya Kombe la Dunia la 1990. Kila nyumba inataka dishi. Na Julai 8 Wajerumani wanamfunga Argentina 1-0 kwa penalti ya Brehme dakika za mwishomwisho, Mashariki na Magharibi wanashangilia pamoja kabla hata nchi hazijaungana kisheria. Niliipenda hiyo kuliko hotuba yoyote ya kisiasa.

Kingine ni hela. Mama alificha akiba ya mark elfu 30 ndani ya samani, akasahau ni wapi. Walipokuja kuzipata, tarehe ya kubadilisha imepita. Alex anakwenda benki wanamwambia pole, anapanda juu ya paa anazirusha hewani. Waliokuwapo wakati wa kubadilisha noti hapa kwetu watanielewa.

Kijana wa Ilala

Mleta uzi, heshima yako, lakini umewapitisha wahakiki kwa kejeli. Stasi, ile polisi ya siri ya Mashariki, iko wapi? Nchi iliyokuwa na watoa habari wa siri ndani ya ndoa za watu, wewe unaniletea matango. Linganisha na The Lives of Others ya 2006. Ile inakuonyesha mtu ameketi darini na vidude vya kusikilizia masikioni anarekodi wenzake. Ikachukua Oscar. Huoni kuna sababu?

Na hili la mtu wa Westfalia kuja kunisimulia machungu ya mtu wa Mashariki mimi linanikera. Ni sawa na mtu wa bara kuja kuandika kitabu cha utani kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar.

Mpanda Reli

Kijana, Oscar haipimi ukweli. Na huyo muongozaji wa The Lives of Others, Florian Henckel von Donnersmarck, naye ni mtu wa Magharibi, kazaliwa Cologne. Kwa kipimo chako wote wawili tuwafungie nje.

Angalia pia waliowekwa mbele ya kamera. Katrin Saß aliyecheza mama alizaliwa Schwerin, akacheza filamu za Mashariki, na mwaka 1982 alitwaa Dubu wa Fedha Berlin kama mwigizaji bora wa kike, nchi yake ikiwapo bado. Florian Lukas anayecheza Denis, yule kijana wa Magharibi, kazaliwa Berlin Mashariki. Daniel Brühl anayecheza mtoto wa Mashariki kazaliwa Barcelona, kakulia Cologne. Wamebadilishana pande.

Kuhusu Stasi nakupa nusu. Ni kweli haitajwi sana. Ila hadithi imesimuliwa na Alex, kijana wa miaka ishirini na kitu anayempenda mama yake. Huwezi kumlazimisha asimulie kama mwendesha mashtaka.

Dada wa Leipzig

Jamani salama? Nipo huku Mashariki ya Ujerumani, nafanya kazi na watu wazima waliokuwa na umri kama wa Alex wakati ule. Ukiitaja filamu hii wanagawanyika. Wapo wanaoipenda mno, wapo wanaosema watu wa Magharibi walikwenda kuitazama ili wacheke kuhusu wao, kisha wakarudi kwao na dhamiri safi.

Ila kuna jambo moja wote wananiambia na filamu inaligusa kwa pembeni tu. Yule mwalimu mkuu Klapprath, aliyeheshimika, sasa anashinda amelewa. Watu kama huyo walikuwa wengi. Treuhand, shirika lililoundwa kubinafsisha mali ya serikali ya Mashariki, lilipewa mashirika karibu 8,500 yenye wafanyakazi wapatao milioni 4. Likamaliza kazi mwisho wa 1994 na viwanda vingi vilikuwa vimefungwa. Kwa hiyo mtu wa hapa akinunua matango ya Spreewald leo, usidhani anamkumbuka Honecker. Huenda anakumbuka alikuwa na kazi na jina kiwandani. Hayo matango yapo mpaka leo, tena yamelindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, yakitoka nje ya eneo hilo huruhusiwi kuyaita Spreewald.

Na ile sanamu. Mama anatoka nje kwa mara ya kwanza, helikopta inapita na nusu ya Lenin inaning'inia, mkono umenyooshwa kama anayemwomba apande naye. Kiuhalisia haikuwa hivyo. Lenin wa Berlin, mita 19 za jiwe jekundu, alianza kubomolewa Novemba 1991, mwaka mzima na zaidi baada ya mama wa filamu kufa, na alikatwakatwa vipande zaidi ya mia moja vikafukiwa msituni. Kichwa kilichimbuliwa 2015, sasa kimelazwa ubavu kwenye maonyesho ya ngome ya Spandau. Nimekwenda kukiona, watoto wanapiga nacho picha.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni

Assalaam alaykum wanangu. Mie nimeitazama na wajukuu, na tangu mwanzo nilikuwa nazitazama nyumba zaidi ya watu. Yale maghorofa ya zege yaliyopangwa mistari, ngazi zile, madirisha yale, mbona nayajua? Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na wao ndio waliokuja kutujengea fleti za Kikwajuni, kisha wataalamu wao wakachora mpango wa Michenzani. Bara walipata msukosuko kwa ajili yetu. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikasirika Dar iliporuhusu ubalozi mdogo wa Mashariki, mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Kwa hiyo huyo kijana wa Ilala asiseme Ujerumani Mashariki ni hadithi ya watu wa mbali. Kuna watu wanaamka ndani yake kila siku pale Michenzani.

Na kuhusu kumdanganya mgonjwa, haya si mageni kwetu. Mtu kalazwa, nduguye kafariki, ukoo mzima unakubaliana asiambiwe. Wageni wanatoka matangani, wanapita hospitali na nyuso za furaha, kanga za msiba wamezikunja kwenye mfuko. Mgonjwa anauliza, mbona fulani haji kunitazama? Anaambiwa kasafiri. Nimewahi kuwa mmoja wa waliokunja kanga. Kazi kubwa haiko kwenye kusema uongo, iko kwenye kukumbuka nani keshasema lipi. Filamu imelipata hilo sawasawa, pale mchumba wa Ariane anapofunzwa historia ya maisha ya Mashariki ambayo hajawahi kuyaishi, ili asije akateleza mbele ya mama.

Kijana wa Ilala

Bibi shikamoo. Hapo kwenye fleti umenifunga mdomo. Ila nauliza, kwenye misiba yetu mgonjwa akipona anaambiwa. Huyu mama hakuambiwa kamwe, kafa siku tatu baada ya nchi kuungana, Oktoba 1990, akiamini uongo. Hiyo ni huruma au ni dharau? Mtu aliyeishi kwa imani yake anastahili kujua imani hiyo imeishia wapi.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Umeitazama mpaka mwisho lakini?

Mpanda Reli

Bibi amenitangulia. Kijana, rudi nyuma kidogo, tazama wodini. Lara, yule muuguzi Mrusi mchumba wa Alex, tangu mwanzo hakuupenda mchezo huu. Kuna mahali anaonekana Lara amekaa kitandani kwa mama, anaeleza kitu kwa mikono, anaonyesha kama mipaka miwili inayokuwa kitu kimoja. Sauti hatusikii vizuri. Mama keshaambiwa.

Kisha inaletwa ile taarifa ya mwisho, ya mwanaanga. Wote wamekaa wanatazama televisheni. Denis kaweka utaalamu wake wote, watu wanapanda ukuta, muziki wa Yann Tiersen chini yake. Alex macho yako kwenye kioo, anaisikiliza kazi yake. Mama haangalii televisheni. Anamuangalia Alex. Tena kwa muda mrefu, na anatabasamu, anasema imependeza. Katrin Saß hapo hafanyi kitu kingine chochote. Anajua kila kitu na anamuacha mtoto amalize.

Baada ya hapo Alex anatuambia, kwa sauti yake ya msimulizi, kwamba anafurahi mama alikufa bila kujua. Sasa niambie nani kadanganywa.

Fundi Dishi

Aisee. Nimeitazama zaidi ya mara moja na hiyo ya wodini niliichukulia kama stori za kawaida za muuguzi na mgonjwa.

Dada wa Leipzig

Mimi nina swali kuhusu dereva teksi. Alex anapanda gari kwenda kumtafuta baba yake Wannsee, dereva ni Sigmund Jähn mwenyewe, au mtu anayefanana naye. Jähn halisi alikuwa Mjerumani wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1978, na baada ya muungano hakuendesha teksi, alifanya kazi na mashirika ya anga, ya Ujerumani na la Ulaya, akiwasaidia wanaanga waliokwenda kufunzwa Urusi. Aliyecheza ni Stefan Walz. Je, mnadhani ndani ya filamu yule ni yeye kweli?

Kijana wa Ilala

Mimi nasema si yeye. Alex anamuona shujaa wake wa utotoni kila mahali kwa sababu anamhitaji. Lakini bado namdai Becker Stasi yangu, hilo sijaliachia.

Mpanda Reli

Becker alifariki Desemba 2024, deni lako utalidai kwa warithi 😀 Kuhusu dereva, filamu inaacha wazi kwa makusudi. Alex anamuuliza kule angani kulikuwaje, na dereva anajibu kwamba ni pazuri ila mbali sana na nyumbani. Mimi nadhani ni yeye. Mtu aliyeizunguka dunia anapeleka abiria Wannsee usiku, ndani ya mwaka mmoja tu wa mabadiliko. Sioni kwa nini Becker amweke pale kama hakutaka tuliamini hilo angalau mpaka gari lisimame.

Fundi Dishi

Naungana na Kijana, si yeye. Ila kwa Denis alipomvisha sare na kumpa urais, alifaa kuliko Honecker.